Maneno ya Sauti, Uso na Moyo katika Kiingereza na Kiswahili

Mwalimu afundishaye Kiingereza kwa wasemao Kiswahili, na kasisi ahubiriye kwa Kiswahili mambo aliyoyasoma kwa Kiingereza, hupata taabu kidogo tu katika majina ya vitu. Meza huonyeshwa kwa kidole, na mvua kadhalika. Taabu yenyewe huanza pale pasipo kitu cha kuonyesha: pumzi aishushayo mwenye huzuni, mguno wa asiyekubali, jicho la mwenye hila, na mahali ndani ya mwili ambapo uchungu hukaa. Maneno ya namna hiyo ni mengi katika lugha zote mbili, wala hayalingani moja kwa moja. Asiyeyajua vema hutafsiri vibaya. Na lililo zaidi ya hilo, humhukumu mwenzake vibaya, kwa kuwa amemsoma mtu wa lugha hii kwa kamusi ya lugha ile.

Swali hili si geni kwa watu wa misioni. Mwaka 1867 Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipeleka orodha ya maswali 16 kwa watu waliokaa katika nchi mbalimbali, akiuliza kama mshangao huonyeshwa kwa kufumbua macho na kinywa, kama haya hugeuza rangi ya uso, kama mtu asiyeweza kulizuia jambo hupandisha mabega, na kama kukataa huonyeshwa kwa kutikisa kichwa. Alipata majibu 36, na baadhi ya waliojibu walikuwa wamisionari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 alisema kwamba hisia zilizo kuu huonekana usoni kwa namna moja karibu duniani kote. Walakini alitambua pia ya kuwa ziko ishara zisizotoka katika maumbile, bali zimefundishwa kwa desturi. Basi ni hizi za pili zitusumbuazo. Kicheko cha furaha hakihitaji mkalimani. Bali msonyo, jicho lililoinama, na mkono ulioshika shavu, hivyo vyamhitaji.

I. Sauti za Binadamu

Kiingereza kina vitenzi vingi vifupi vya sauti za watu. "Sigh" ni kushusha pumzi kwa huzuni, au kwa uchovu, au kwa kuona nafuu. "Groan" ni sauti nzito itokayo kifuani mwa mwenye maumivu au mzigo. "Moan" ni sauti ya namna hiyo, ila ni ndefu tena ya chini. "Sob" ni kulia kwa pumzi zikatikazo. "Whimper" ni kilio chembamba cha mtoto au cha mbwa aogopaye. "Gasp" ni kuvuta pumzi ghafula kwa mshituko, na "snort" ni kuitoa puani kwa nguvu kwa hasira au dharau. Waandishi wa hadithi za Kiingereza hupenda maneno haya, na mwanafunzi huyakuta karibu katika kila ukurasa.

Kiswahili hakina upungufu, ila chafuata njia nyingine. Mara nyingi hutwaa kitenzi kimoja kipana, kisha hukibana kwa neno la pili. Mfano mkubwa ni "kulia". Kengele hulia, jogoo hulia, bunduki hulia, na tumbo lenye njaa hulia. Kwa hiyo mtu asemapo "alilia", msikilizaji bado hajapata yote. Ndipo twaongeza: alilia machozi, alilia kwa kwikwi, aliangua kilio, alipiga mayowe. Na kila moja ni habari mbali. Aliaye machozi aweza kuwa kimya kabisa. Apigaye mayowe huenda hana chozi hata moja, bali anaita watu waje kwa kuwa nyumba inaungua.

Hapo mwanafunzi hukosea kwa pande zote mbili. Neno "kwikwi" ni lile limpatalo mtu aliyekula kwa haraka, na ni lile lile la mtu aliaye hata pumzi zikamkatikia. Kiingereza kimetenga mambo hayo mawili, na mwanafunzi asiyejua ataandika kwamba mjane alishikwa na ugonjwa wa tumbo penye kaburi. Kwa upande wa pili, neno la Kiingereza "nod" ni kuinamisha kichwa kwa kukubali, tena ni kusinzia. Akisoma kwamba mzee fulani alifanya hivyo mahubirini, lazima atazame maneno yanayofuata kwanza, asije akamsifu kwa kukubali mafundisho ambayo hakuyasikia.

Ziko sauti za pwani ambazo Kiingereza cha kila siku hakina neno moja la kuzitaja. Ya kwanza ni msonyo. Kusonya, au kufyonya, ni kuvuta hewa kwa midomo na meno kwa sauti ya kudharau. Ni neno kamili pasipo neno. Mgeni huenda akadhani mtu anatoa chakula kilichokwama menoni. Wenyeji waliopo wamekwisha kujua ya kuwa ametukanwa. Ya pili ni mguno. Kuguna si kukataa, wala si kukubali: ni kusema kwamba moyo una shaka ambayo ulimi haujataka kuitoa. Mhubiri asikiaye mguno mwishoni mwa kanisa amepewa habari iliyo na thamani kuliko sifa atakazopewa mlangoni.

Ya tatu ni vigelegele. Kiingereza kilipotaka neno lake kiliazima kutoka Kilatini, na katika Kilatini kitenzi hicho kilitumika kwa mlio wa mbwa-mwitu na kwa maombolezo ya wanawake. Kwa hiyo Mwingereza asomaye "ululate" bila maelezo aweza kudhani msiba umetokea, na kumbe bibi arusi anatolewa nje. Kamusi haikusema uongo. Ilileta neno bila kuleta furaha yake.

Tena kuna neno dogo "pole". Kiingereza hutumia "sorry" kwa kuungama kosa na kwa kumhurumia mwenzio pia. Kiswahili kimetenga: mwenye kosa husema "niwie radhi" au "samahani", na mwenye huruma husema "pole", hata kama hana sehemu yoyote katika jambo lile. Mtu ajikwaapo njiani, wapitao wote humpa pole. Mgeni ajibuye kwamba si kosa lao amekataa zawadi asiyoijua.

II. Ishara za Uso na Viungo

Katika ishara Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina, nao ni kitenzi cha kutendea. Mwingereza aweza kusema kwamba mtu alikunja uso, akaishia hapo. Amkunjiaye nani hatukuambiwa. Mswahili hupenda kumtaja apokeaye: amemkunjia uso, amemkodolea macho, amembetulia midomo, amemsagia meno. Ishara huhesabiwa kuwa kitu kilichopelekwa kwa mtu, kama vile barua. Na badiliko dogo la kitenzi hugeuza maana yote. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kumchekea ni kumwonyesha uso mkunjufu. Mwanafunzi atakayeandika kwamba mama alimcheka mtoto wake mchanga, akikusudia kusema alimchekea, amemfanya mama kuwa mkatili kwa kuacha sauti moja tu.

Macho ndiyo yaletayo hasara kubwa. Katika malezi ya Kiingereza mtoto aulizwapo neno hutakiwa amtazame mkubwa usoni, kwa maana jicho lisilokwepa huhesabiwa kuwa dalili ya kweli. Katika malezi ya pwani, na ya watu wengi wa bara, mtoto aliyefunzwa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa amkemeaye. Amkaziaye macho huambiwa ana macho makavu, yaani hana haya. Basi mwalimu aliyelelewa kwa desturi ya kwanza humwona mtoto aliyeinama, akasema moyoni, Huyu ana jambo analificha. Naye mtoto pengine hutabasamu kidogo kwa kufadhaika, na tabasamu hilo huhesabiwa kuwa ufidhuli. Mtoto wa namna hiyo akiadhibiwa kama mwongo, ameadhibiwa kwa ajili ya adabu yake, naye hatajua ni lipi alilokosa. Kijana wa kwetu aendaye kutafuta kazi mbele ya Waingereza hupatwa na hasara hiyo hiyo: huinama kwa heshima, nao humwandika kuwa mtu asiyejiamini.

Jicho lina maneno mengine pia. Kukonyeza ni kupeleka siri kwa jicho moja. Kupepesa ni kufumba na kufumbua tu, bila neno ndani yake. Kurembua macho ni kuyalegeza kwa madaha; lakini Waingereza wasemapo kwamba msichana aligeuza mboni zake juu, maana yake amechoka na upuuzi anaoambiwa. Mwenye kutafsiri neno hilo kwa "kurembua" amemfanya msichana mwenye kuchukizwa kuwa mwenye kubembeleza.

Mkono nao una maana zake. Kushika tama, yaani kuegemeza shavu katika kiganja, ni alama ya majonzi, na watoto wengi hukatazwa wasikae hivyo, ili wasiuite msiba nyumbani. Vivyo hivyo kuweka mikono miwili kichwani ni mkao wa aliyefiwa. Kwa Waingereza mkono shavuni ni wa mtu afikiriye au aliyechoshwa na mazungumzo. Bibi mzee anyamazaye na kushika tama katikati ya darasa la watu wazima hakuchoshwa na somo. Yafaa aulizwe kwa upole habari za nyumbani. Tena kujiuma kidole ni majuto, ambapo Mwingereza aumaye kucha huhesabiwa kuwa na wasiwasi.

Kupandisha mabega hakuna neno moja katika Kiswahili. "Shrug" yataja tendo na maana pamoja: sijui, au si kazi yangu. Tukisema tu "alipandisha mabega" tumetaja misuli na kuacha maana. Ni heri kuandika kwamba alionyesha hajui, au hajali. "Blush" ni vivyo hivyo. Neno hilo limetokana na rangi ya damu kuonekana katika ngozi nyeupe, na hata Darwin, alipouliza habari zake, aliuliza kwa sharti kwamba rangi ya mtu yaruhusu kuonekana. Kwetu neno la haki ni "kutahayari", ambalo lataja yaliyo moyoni na kuiacha rangi.

III. Makao ya Hisia

Kila lugha imeipa mioyo ya watu nyumba ndani ya mwili. Kiingereza na Kiswahili hukutana katika moyo kwa mambo mengi: katika lugha zote mbili somo huhifadhiwa kwa moyo, na kazi hufanywa kwa moyo wote. Lakini kukutana huko kwaweza kudanganya. Mwingereza aliyevunjika moyo ni mwenye huzuni kuu, kama aliyefiwa au aliyeachwa na ampendaye. Mswahili aliyevunjika moyo ni aliyekata tamaa ya kuendelea na kazi. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani amevunjika moyo kwa Kiswahili, hata kama hakulia.

Nyongo ni ya watu wote wawili: katika Kiingereza ni uchungu wa maneno, na neno lao la huzuni ya muda mrefu, "melancholy", latoka katika Kiyunani, nalo maana yake ya asili ni nyongo nyeusi. Katika Kiswahili mwenye kinyongo ameweka chuki asiyoisema. Lakini ini limeachana. Kwa Kiingereza cha zamani mwenye ini jeupe ni mwoga. Kwa Kiswahili maneno yakatayo maini ni yale yaumizayo kuliko jeraha.

Maneno matatu yataka uangalifu wa mhubiri hasa. La kwanza ni "roho". Ndilo neno letu la nafsi na la Roho Mtakatifu. Lakini ndimo mlimotoka pia "mroho" na "uroho", na mtu aambiwapo katika mazungumzo kwamba ana roho, huenda anaambiwa ni mlafi. La pili ni "imani". Ni kusadiki, lakini kwa watu wa pwani ni huruma pia. Aingiwaye na imani amemhurumia mwenziwe, na asiye na imani ni katili. Mhubiri asemaye kwamba wapagani hawana imani, huenda akasikiwa akisema hawana huruma, na jirani zake wajuao wema wa watu hao watamwona msingiziaji. La tatu ni "haya". Kiingereza kina "shame" kwa fadhila na kwa fedheha, Kiswahili kimetenga. Haya ni pambo la mtu mwema, na aibu ni uovu uliofunuliwa. Kumwambia mtu aondoe haya zake ni kumwambia awe mshenzi.

IV. Katika Maandiko

Ni katika kutafsiri Biblia ndipo mambo haya yalipopimwa kwa uzito wake wote. Kiyunani cha Agano Jipya chaweka huruma katika viungo vya ndani ya tumbo, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "bowels", yaani matumbo, neno kwa neno. Kufika mwaka 1881, Agano Jipya la Kiingereza lililosahihishwa liliyaacha matumbo katika Waraka kwa Wafilipi na kwa Wakolosai, likaweka rehema na moyo, kwa kuwa wasomaji wenyewe hawakusikia tena huruma ndani ya neno lile. Katika Zaburi ya 139 neno la Kiebrania ni figo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliweka "mtima", neno la kale la Kibantu lililohifadhiwa katika ushairi na katika lugha nyingi za jirani. Hawakufuata kiungo, walifuata makao.

Katika Yohana 11 Kiyunani chatumia kitenzi kimoja kwa kilio cha Mariamu na cha Wayahudi, na kingine kwa Bwana, nacho ni kutoa machozi. Kiingereza cha 1611 kiliweka neno moja kwa wote. Kiswahili cha 1952 kiliongeza neno "machozi" katika aya ya 35, na kwa neno hilo dogo kimekuwa karibu na Kiyunani kuliko Kiingereza kile. Na katika Zaburi ya 22 Kiebrania chataja dhihaka ifanywayo kwa kufungua mdomo, na Kiingereza kwa kuusukuma mbele. Kiswahili kimetumia "kufyonya". Hapo ishara ya pwani imechukua mahali pa ishara ya Yerusalemu, na mtoto yeyote anajua mara moja jinsi aliyeteswa alivyotendewa.

Lakini kuna mahali panapotaka maelezo. "Kuugua" ndilo neno lililowekwa katika Marko 7:34, katika Yohana 11:33, na katika Warumi 8. Ni neno sahihi la kale la sauti ya mwenye uchungu. Lakini kwa masikio ya leo kuugua ni kuwa mgonjwa, na mwanafunzi wa katekisimu aweza kwenda nyumbani akiamini ya kuwa Bwana alishikwa na maradhi njiani kwenda kaburini. Tena Kiyunani cha Yohana 11:33 si kile cha Marko: kina ukali ndani yake, kama wa mtu aliyechukizwa na mauti. Kasisi asipolieleza, ukali huo umepotea wote.

Pia mtoza ushuru wa Luka 18 alijipiga kifua. Kwa Wayahudi ilikuwa toba. Kwetu ajipigaye kifua ni ajisifuye! Basi mfano huu, uliotolewa ili kumtenga mnyenyekevu na mwenye majivuno, waweza kusikika kana kwamba wote wawili walijivuna, ila mmoja kwa maneno na wa pili kwa mkono. Hakuna mfano ambao ungeharibika zaidi kwa kukosa neno moja la maelezo.

V. Mashauri kwa Waalimu

Kwanza, katika kufundisha Kiingereza, maneno haya yasifundishwe kwa orodha ya moja kwa moja. Mwanafunzi aulizwe mambo manne: ni sauti au tendo gani, lafanywa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani. Akijibu yote manne kwa Kiswahili, ndipo aambiwe neno la Kiingereza.

Pili, katika kutafsiri, itazamwe maana kabla ya kiungo. Ishara ikiwa na maana moja katika lugha zote mbili, na iachwe kama ilivyo. Ikiwa ina maana mbili zinazopingana, ama iwekwe ishara ya wenyeji, kama walivyofanya watafsiri wa Zaburi ya 22, ama iachwe na kuelezwa, kama ipasavyo katika Luka 18.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu yeyote asihukumiwe kwa ishara peke yake. Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na ya Johnson mwaka 1939. Nazo zatufaa hata leo. Lakini kamusi hutaja neno, haimtaji mtoto aliyesimama mbele ya meza ya mwalimu. Kabla ya kuandika katika daftari kwamba mtoto ni mwongo, au kwamba mwenye kutubu hana majuto, ulizeni kwa wazee wa mahali pale: mtu wa hapa akiwa na huzuni ya kweli, hufanyaje? Akimheshimu mkubwa, macho yake huyaweka wapi? Jibu hupatikana kwa mazungumzo mafupi barazani, na laweza kumwokoa mtoto na fimbo asiyostahili.